Gurudumu Moja: Kutoka Sarakasini Hadi Barabarani

Historia ya vyombo vya safari aghalabu huandikwa kama historia ya nyongeza. Gari la kukokotwa liliongezewa magurudumu, kisha likaongezewa injini. Meli iliongezewa tanga, kisha moshi. Na kila nyongeza ilihesabiwa kuwa hatua mbele. Baisikeli ya gurudumu moja imesimama kando ya kanuni hiyo, maana yenyewe ilizaliwa kwa kupunguza. Iliondolewa gurudumu la nyuma, ikaondolewa usukani, na zilizo nyingi hazina mnyororo wala breki. Kilichobaki ni gurudumu, pedali mbili, uma na kiti. Kwa muda wa karibu miaka 100 watu waliitazama kuwa kitu cha kuchekesha. Kisha, katika nusu ya pili ya karne ya 20, ilianza kudai mahali pawili kwa wakati mmoja: kiwanja cha michezo na barabara ya kwendea kazini. Pa kwanza ilipewa, tena kwa heshima; pa pili ingali ikidai hata leo. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu haikutokana na uhodari au udhaifu wa waendeshaji.

Asili ya chombo hiki yarudi kwenye karakana za Coventry nchini Uingereza. Mwaka 1870 James Starley, pamoja na William Hillman, walipata hati ya uvumbuzi wa baisikeli iliyoitwa Ariel. Gurudumu lake la mbele lilikuwa kubwa mno na la nyuma dogo mno, hata Waingereza wakaipa aina hiyo majina ya sarafu zao mbili, peni pana na robo yake. Ukubwa huo haukuwa pambo. Pedali zilifungwa katika kitovu cha gurudumu lenyewe, basi mguu ulipozunguka mara moja gurudumu nalo lilizunguka mara moja, halikuzidi wala halikupungua. Aliyetaka mwendo zaidi hakuwa na njia ila kutafuta gurudumu kubwa zaidi, na mpaka wake ulikuwa urefu wa mguu wake mwenyewe.

Chombo hicho kilikuwa na tabia mbaya. Mwendeshaji alipopunguza mwendo ghafula, au gurudumu lilipogonga jiwe, uzito wote ulimwendea mbele, gurudumu dogo likainuka, na kwa nukta chache mtu alikuwa juu ya gurudumu moja tu. Aliye mwoga alianguka. Aliye mjasiri aligundua kwamba nukta hizo zaweza kurefushwa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wajasiri hao ndio walioona gurudumu la nyuma kuwa mzigo, wakalitoa.

Lakini mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake James, alitoa baisikeli yake iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaokwenda gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi ya hewa. Mnyororo ulilitenga gurudumu na urefu wa mguu: tangu siku hiyo gurudumu dogo liliweza kuzunguka mara mbili au tatu kwa mzunguko mmoja wa pedali. Baisikeli ya gurudumu refu ilitoweka njiani katika muda mfupi. Baisikeli ya gurudumu moja haikutoweka, bali iliachwa nyuma pamoja na kanuni ya kale ya mguu mmoja mzunguko mmoja, na barabara haikumngojea mtu aendaye kwa kanuni hiyo. Hapo ndipo njia za ndugu hao wawili zilipoachana. Mmoja akaenda ofisini na shambani, mwingine akaenda jukwaani.

Yafaa kusimama kidogo na kutazama kazi ya mwili juu ya chombo hiki, kwa sababu dharau nyingi iliyokipata ilitokana na kutoielewa kazi hiyo. Mtoto anayesimamisha kijiti katika kiganja chake haushikilii mkono palepale. Huupeleka upande ule kijiti kinakoangukia, ili kitako cha kijiti kikiwahi kichwa chake. Mwendeshaji wa gurudumu moja ndiye kijiti hicho, na gurudumu ndicho kiganja. Akitaka kwenda mbele huinama kidogo aanze kuanguka, kisha pedali hulileta gurudumu chini yake kabla hajaanguka. Basi mwendo wake wote ni kuanguka kusikokamilika. Wala hawezi kuacha pedali zipumzike. Baisikeli ya kawaida ikifika mteremkoni humruhusu mpandaji akae kimya na upepo umpige usoni, lakini hii yazungusha miguu ya mtu wakati wote gurudumu lizungukapo, na mteremkoni miguu hufanya kazi ya breki. Kijiti kirefu huanguka polepole kuliko kifupi, na kwa sababu hiyo ile aina ndefu ya mnyororo, ambayo watu wa Ulaya na Marekani waliifananisha na twiga, si ngumu kuliongoza kama itazamwavyo na walio chini. Ugumu wake ni kupanda na kushuka.

Sarakasi ilikipokea chombo hiki kwa mikono miwili, na katika kukipokea ikakifunga. Filamu ya Kijerumani iitwayo Varieté, iliyotolewa mwaka 1925 katika siku za filamu zisizo na sauti, ina kipande kifupi kinachoonyesha watu wakicheza mpira wa magongo juu ya gurudumu moja moja. Kipande hicho hutajwa mara nyingi na wapenzi wa mchezo huo, nao wana haki, maana huonyesha kwamba wazo la kushindana, la kufunga mabao na kuhesabu, lilikuwako tayari ndani ya maskhara. Lakini watazamaji wa wakati ule hawakuona mchezo. Waliona wachekeshaji.

Wa kwanza kuwalazimisha watazamaji waone zaidi ya hayo walikuwa vijana weusi wa mtaa wa Bronx katika New York. Mwaka 1958 Jerry King, pamoja na mwanawe Charles, walianzisha kikundi kilichokuja kujulikana kwa jina la King Charles. Vijana hao walicheza mpira wa kikapu juu ya gurudumu moja, kwa kasi, kwa kupokonyana na kurusha kama katika kiwanja cha kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1960 waliingia katika sarakasi kubwa ya Ringling Brothers and Barnum & Bailey, nao wakawa kikundi cha kwanza cha watu weusi watupu katika sarakasi hiyo. Yapasa kukumbuka ilikuwa miaka gani katika nchi ya Marekani: haki ya watu weusi ya kupiga kura ililindwa kwa sheria mpya mwaka 1965 tu. Watazamaji walicheka, kwa kuwa mchezo wenyewe ulitiwa vichekesho, lakini hapana aliyeweza kusema kwamba wale hawakuwa wanariadha. Mpira wa kikapu wa gurudumu moja ulikuja baadaye kuwa mashindano rasmi, na timu za Puerto Rico zikajipatia sifa kubwa ndani yake.

Mwezi wa Novemba mwaka 1968 yalitukia mambo mawili ambayo hayakujuana, na mwanahistoria akiyaweka pamoja huyaona kama milango miwili, mmoja ukifunguliwa na mwingine ukifungwa. La kwanza lilikuwa barabarani. Steve McPeak, kijana wa Kimarekani, aliondoka Chicago juu ya baisikeli ya gurudumu moja ya aina ya twiga, yenye urefu wa futi 13, na tarehe 26 Novemba alimaliza safari yake baada ya majuma sita na maili 2,361. Siku nyingine alikwenda maili 80. Safari hiyo ilikuwa na harufu ya sarakasi bado, maana mtu asiyetaka kutazamwa hawezi kuchagua kiti kilicho futi 13 juu ya ardhi. Lakini maili ni maili, na barabara haipunguzi urefu wake kwa kumcheka apitaye.

La pili lilikuwa mezani. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, McPeak akiwa angali njiani, mataifa yalianza kutia sahihi mjini Vienna mkataba juu ya mwendo wa barabarani. Mkataba wa kabla yake, uliofanywa Geneva mwaka 1949, haukujishughulisha na kuhesabu magurudumu ya baisikeli. Huu wa Vienna ulihesabu. Katika kifungu chake cha kwanza ulieleza kwamba baisikeli ni chombo chenye magurudumu yasiyopungua mawili, kiendeshwacho kwa nguvu za misuli za walio juu yake peke yake. Waandishi wa kifungu hicho hawakuwa na kinyongo na mtu. Walikuwa wakitafuta maneno ya kuitenga baisikeli na pikipiki kwa upande mmoja, na mikokoteni kwa upande mwingine, na bila shaka hapana hata mmoja wao aliyemfikiri kijana wa Chicago. Hata hivyo maneno yalikwisha andikwa. Marekani haikuutia sahihi mkataba huo, basi haukuigusa barabara aliyokuwa akipita McPeak. Lakini nchi nyingi za Ulaya ziliufuata katika sheria zao, na kadiri miaka ilivyokwenda nchi nyingine zilijiunga, Kenya ikiwa mojawapo mwaka 2009. Kwa hiyo mtu afikaye kazini juu ya gurudumu moja, kwa miguu yake na jasho lake, kwa maana ya mkataba hakufika kwa baisikeli.

Mlango wa michezo ulifunguka kwa njia nyingine kabisa, nayo ni njia ya vyama, kanuni na saa ya kupimia. Mwaka 1973 kiliundwa Chama cha Waendeshaji wa Gurudumu Moja cha Marekani. Mwaka 1982 likafuata shirikisho la dunia, na mwaka 1984 mashindano ya kwanza ya dunia, yaitwayo Unicon, yakafanywa Syracuse katika jimbo la New York. Baadaye yalifanywa Tokyo pia. Tangu hapo yamezunguka: Copenhagen mwaka 2008, Wellington mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Brixen ya Italia mwaka 2012, Montreal mwaka 2014, San Sebastián mwaka 2016, Ansan ya Korea Kusini mwaka 2018, Grenoble mwaka 2022 baada ya kucheleweshwa na maradhi ya Korona, na Bemidji ya Minnesota mwaka 2024.

Jambo kubwa katika vyama hivyo si orodha ya miji bali ni kanuni. Mchezo usio na kipimo haushindaniki, na chombo hiki kina hatari ya namna yake: kwa kuwa mguu na gurudumu vimefungamana, mwenye gurudumu kubwa angemshinda mwenye nguvu kubwa. Kwa sababu hiyo mbio za kiwanjani ziliwekewa gurudumu la inchi 24, lisilozidi milimita 618 kwa upana wa kutoka ukingo hadi ukingo, na vyuma vishikavyo pedali vikawekewa urefu usiopungua milimita 125. Kanuni hiyo yaonekana kuwa ya kikarani, lakini ndiyo iliyoyageuza maonyesho kuwa riadha. Chini ya fikra hiyo matokeo yakawa na maana. Tarehe 25 Machi 1994, katika Las Vegas, Peter Rosendahl wa Sweden alikwenda mita 100 kwa nukta 12.11. Msomaji aliyewahi kukimbia shuleni atajua mwenyewe ni wangapi katika darasa lake wangeweza kumfikia kwa miguu.

Hakuna nchi iliyokipenda chombo hiki kama Japani, na hapo pana fundisho kwa kila atakaye kujua mchezo hukuaje. Chama cha Japani kiliundwa mwaka 1978. Jina lenyewe, ichirinsha, maana yake ni chombo cha gurudumu moja, wala halina kicheko ndani yake. Mwaka 1989 Wizara ya Elimu ilipotengeneza upya mwongozo wa masomo wa shule za msingi, mchezo wa gurudumu moja uliingizwa katika mazoezi ya viungo ya watoto wa darasa la tatu na la nne, na mwongozo huo ukaanza kutumika mwaka 1992. Baisikeli za gurudumu moja zilitundikwa kwa safu katika viwanja vya shule, karibu na vyuma vya kuning'inia. Mtoto alijifunza kwa kushika ukuta au waya wa ua, kisha kwa kushika mkono wa mwenzake aliyemtangulia kwa juma moja au mawili. Hakuwako mwalimu wa sarakasi.

Matokeo yake yalionekana katika mashindano ya dunia baada ya miaka michache. Wajapani, na hasa wasichana wao, walishika mchezo wa madaha, yaani ule wa kuendesha kwa kufuata muziki, mmoja mmoja, wawili wawili, au kwa kundi kubwa lililofungamana mikono na kuzunguka kama pia. Katika nchi za Magharibi mtu aliyetaka kujifunza alikuwa aghalabu kijana wa kiume, mpweke, aliyekiona chombo hicho dukani au katika televisheni, na alijifunza kwa ukaidi. Katika Japani alikuwa msichana wa miaka tisa pamoja na darasa zima. Tofauti hiyo haikuletwa na umbo la mwili wala na tabia ya taifa, kama wapendavyo kusema watu wapendao maelezo mepesi. Ililetwa na mwongozo wa masomo na kiwanja chenye vyombo. Yaweza kusemwa pia kwamba kila sifa ina gharama yake: kwa kuwa Japani ilikipokea chombo hiki mikononi mwa watoto, ilikipokea kama kifaa cha kuchezea, wala haikukusudia wakiendee kazini watakapokuwa watu wazima.

Upande wa milima wahitaji maneno machache tu. Katika miaka ya 1980 George Peck wa Seward, Alaska, alianza kupanda njia za milimani na fukweni kwa gurudumu moja, na Kris Holm wa Vancouver, ambaye ni mtaalamu wa elimu ya ardhi, alifanya vivyo hivyo bila wao kujuana kwanza. Holm alivunja vyuma vingi hata akaona heri atengeneze vyake, na mwaka 1999 akaanzisha kampuni kwa jina lake. Vitovu na fremu zilizotengenezwa kwa ajili ya mawe ya milimani ziliwanufaisha baadaye wale walioendesha mjini, maana chombo kisichovunjika ndicho cha kwanza atakacho mtu aendaye kazini kila siku.

Hesabu ya kwendea kazini ni rahisi, nayo ndiyo iliyokuwa kikwazo cha kwanza kabla ya sheria yoyote. Gurudumu la inchi 20, lile la watoto na la sarakasi, huenda sentimita 160 hivi kwa mzunguko mmoja. Mtu akizungusha pedali mara 60 kwa dakika atakwenda kilometa 5.7 kwa saa, nao ni mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Kwa nini basi apande? Gurudumu la inchi 36 huenda sentimita 287. Kwa mizunguko 60 ni kilometa 10 na kidogo kwa saa, na kwa mizunguko 100 ni kilometa 17. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Coker ya Chattanooga, Tennessee, ambayo kazi yake ilikuwa matairi ya magari ya kale, ilitoa tairi ya inchi 36, na tairi hiyo ikageuka kuwa msingi wa safari ndefu. Kwa namna fulani gurudumu refu la James Starley lilikuwa limerudi barabarani baada ya zaidi ya karne moja, safari hii bila mdogo wake nyuma.

Kisha akaja fundi Mswisi, Florian Schlumpf, na kitovu chenye meno ndani yake. Mwendeshaji hugusa kitufe kwa kisigino akiwa katika mwendo, na gurudumu huanza kuzunguka mara moja na nusu kwa kila mzunguko wa pedali. Kanuni ya mguu mmoja mzunguko mmoja, iliyolifukuza gurudumu moja njiani mwaka 1885, ilikuwa imevunjwa bila mnyororo. Gurudumu la inchi 36 lenye kitovu hicho huenda kama gurudumu la inchi 54. Mwezi wa Septemba mwaka 2007, katika Aberystwyth ya Wales, Sam Wakeling alikwenda kilometa 453.737 kwa saa 24. Mwaka uliofuata timu 35 zilikutana Nova Scotia, Kanada, kushindana kwa kupokezana njia ya kilometa 800 kwa siku tano.

Lakini wasafiri hawakungoja vitovu. Deepak Lele wa Maharashtra, India, aliondoka New York tarehe 6 Juni 1984 akafika Los Angeles tarehe 25 Septemba, kilometa 6,378. Lars Clausen alipita majimbo yote 50 ya Marekani mwaka 2002, maili 9,136 kwa siku 205. Na mwezi wa Machi mwaka 2015 Ed Pratt, kijana wa miaka 19 wa Somerset nchini Uingereza, alitoka kijijini kwao juu ya gurudumu la inchi 36, akapita Ulaya na Asia, akalala msimu mzima wa baridi huko Kirigizia kwa kuwa njia zilikuwa barafu, akapita China, Australia, New Zealand na Marekani, akarudi mlangoni kwao mwezi wa Julai 2018. Njia yake ilikuwa ya maili 21,000 hivi, hakuwa na gari la kumfuata, na mizigo yake, hema pamoja na chakula, aliifunga katika chombo chenyewe. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona baisikeli ikibeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi, ana haki ya kuuliza gurudumu moja litabeba nini. Halitabeba gunia. Lakini hema na sufuria limekwisha kuzizungusha dunia.

Wale wanaokwenda nalo kazini hawana habari za kuandikwa magazetini, na pengine ndio wenye hoja nzito kuliko wasafiri. Hoja zao ni za mtu anayeishi katika mji uliosongamana. Chombo hiki huingia katika treni kama sanduku, husimama chini ya meza ya ofisi, hakina mnyororo wa kuchafua suruali kwa mafuta, wala hakina usukani wa kumzuia apitapo mlangoni. Hasara zake nazo hawazifichi. Penye taa nyekundu mwendeshaji lazima ashuke, au ashike mlingoti, au acheze mbele na nyuma palepale mpaka taa igeuke. Mvua na reli za tramu ni adui. Na kila asubuhi yuko mpita njia mmoja anayeuliza, akidhani ni wa kwanza kuuliza, gurudumu la pili limepotelea wapi.

Ujerumani huonyesha vizuri mahali sheria inapowaweka. Huko gurudumu moja halihesabiwi kuwa baisikeli. Huwekwa katika fungu moja na viatu vya magurudumu, vigari vya watoto na vitu vya mfano huo, na watu wa fungu hilo hupaswa kupita njia ya waendao kwa miguu na kufuata kanuni zao. Kwa mtoto mwenye gurudumu la inchi 20 agizo hilo lina busara, maana mwendo wake ni wa mtembea kwa miguu. Kwa mtu mzima mwenye gurudumu la inchi 36, aendaye kilometa 17 kwa saa kati ya wazee na vikapu vyao vya sokoni, agizo hilohilo ni hatari kwake na kwao. Sheria iliyohesabu magurudumu ilisahau kupima mwendo. Hilo si kosa dogo la maneno. Bima, fidia ya ajali na haki ya kutumia njia ya baisikeli hufuata jina alilopewa mtu barabarani, na aliyegongwa akiwa juu ya kifaa cha kuchezea huanza shauri lake akiwa nyuma.

Lipo gurudumu moja jingine, nalo limeyafanya mambo kuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2011 Shane Chen, mvumbuzi wa jimbo la Washington nchini Marekani, alianza kuuza chombo alichokiita Solowheel. Hakina kiti wala pedali. Mpandaji husimama juu ya vikanyagio viwili vilivyo ubavuni mwa gurudumu, akiinama mota ya umeme humpeleka mbele, na vipima mizani vilivyo ndani hufanya ile kazi ya kijiti na kiganja kwa niaba yake. Vyombo vya namna hiyo vilienea mijini kwa miaka michache kuliko baisikeli ya gurudumu moja ilivyoenea kwa miaka 100, kwa kuwa havidai majuma ya kuanguka kabla ya kujua. Kwa kweli si baisikeli. Ni binamu yake mwenye fedha.

Uwingi wake uliwalazimisha watunga sheria kuamka. Uingereza ilikatalia vyombo hivyo barabara zake na njia zake za miguu. Ufaransa ilifanya kinyume: kwa amri ya tarehe 23 Oktoba 2019 ilivitaja vyombo vidogo vya umeme, vya gurudumu moja pamoja na vile vya kusimama vya magurudumu mawili, ikaviwekea mpaka wa kilometa 25 kwa saa, ikavikataza njia za miguu, na ikaviamuru vipite njia za baisikeli pale zilipo. Basi katika mji wa Ufaransa mtu aliyebebwa na mota juu ya gurudumu moja alipewa jina lake katika sheria, mwendo wake na mahali pake. Kifungu cha kwanza cha mkataba wa Vienna, kwa upande wa yule anayelizungusha gurudumu hilo kwa miguu yake, kingali kimesimama kama kilivyoandikwa McPeak akiwa njiani.